Namna ya Kusoma Ripoti ya Jaribio la Dawa za Skizofrenia, Baipola na Sonona

Mtu aliyeuguliwa na ndugu mwenye skizofrenia hakawii kutumiwa habari kwenye simu kwamba dawa mpya imepatikana Marekani na kwamba "utafiti umethibitisha". Habari hiyo huwa na asilimia moja au mbili, picha ya ubongo uliopakwa rangi, na kimya kirefu juu ya mengine yote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu huyo, muuguzi wa kliniki ya wilaya, mwanafunzi wa udaktari na mwandishi wa habari za afya, yaani yeyote anayeweza kuipata ripoti yenyewe, au hata muhtasari wake tu, na anayetaka kujua aulize nini kabla hajaiamini au kuipuuza.

Jambo moja linayatenga majaribio haya na majaribio ya dawa za malaria au za kisukari. Mgonjwa wa malaria hutolewa tone la damu vimelea vikahesabiwa, na wa kisukari hupimwa sukari. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa iwezayo kusema kwamba sauti anazozisikia mtu zimepungua kwa theluthi. Kinachopimwa hapa ni mazungumzo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na yule aliyeuliza anaandika namba. Kila takwimu utakayoikuta ndani ya ripoti, hata ikiwa imeandikwa kwa desimali mbili, imezaliwa kwenye mazungumzo hayo.

Anza na mizani kabla ya matokeo

Fungua sehemu inayoeleza mbinu za utafiti na utafute jina la mizani iliyotumika. Kwa skizofrenia utakutana mara nyingi na PANSS, iliyochapishwa mwaka 1987. Ina vipengele 30: saba vinahusu mambo yaliyozidi, kama vile kusikia sauti na kushikilia imani zisizo na msingi, saba vinahusu mambo yaliyopungua, kama vile kujitenga na watu na uso usioonyesha hisia, na 16 vinahusu hali ya jumla, kama vile wasiwasi na hatia. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Hapo pana mtego ambao hata waandishi wa makala za kitabibu wamewahi kuuingia: kwa kuwa alama ya chini kabisa kwa kila kipengele ni 1, mtu mzima asiye na dalili hata moja bado atapata 30, wala hatapata sifuri.

Chukua mgonjwa aliyeingia kwenye jaribio akiwa na alama 98 na kutoka akiwa na 77. Amepungukiwa na alama 21. Ukigawa 21 kwa 98 unapata asilimia 21. Lakini zile 30 za mwanzo si ugonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa alama 68, na 21 kwa 68 ni karibu asilimia 31. Mgonjwa ni yuleyule, mazungumzo ni yaleyale, na asilimia ni mbili tofauti. Kwa hiyo ripoti ikisema kwamba wagonjwa kadhaa "waliitikia dawa", yaani walipungukiwa na asilimia fulani ya alama zao, angalia kama zile 30 zilitolewa kwanza. Ukilinganisha majaribio mawili bila kulitazama jambo hilo, unapima unga kwa kibaba na mchele kwa kilo.

Kwa sonona, mizani kongwe ni ile ya Max Hamilton ya mwaka 1960, yenye vipengele 17 na alama zisizozidi 52. Isome kipengele kwa kipengele na utagundua kwamba vitatu vinahusu usingizi: kuchelewa kulala, kushtuka usiku wa manane na kuamka kabla ya alfajiri. Kila kimoja kina alama 2, jumla 6. Dawa yoyote inayomlaza mtu vizuri, na anayemeza amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona iletayo usingizi, anajua ninachosema, inaweza kumpunguzia alama kadhaa hata kama huzuni imekaa palepale. Mizani ya MADRS ina vipengele 10 na kimoja tu ndicho cha usingizi, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea. Mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi inayompata mwenye baipola, hupimwa mara nyingi kwa mizani ya Young yenye vipengele 11, na hiyo haina mengi ya kutuchelewesha.

Kuhusu lugha ya mizani, inafaa kutua kidogo. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, nchini Uganda, ambamo watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa muda wa wiki 16 chini ya kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Watafiti hawakuanza kwa kutafsiri dodoso. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni maradhi gani ya moyo na mawazo wanayoyajua, wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Ndipo walipolirekebisha dodoso lilingane na maneno hayo. Waliohudhuria vikundi walipungukiwa kwa wastani na alama 17.47, na wale wa vijiji vya kulinganisha alama 3.55. Namba ya kwanza ina uzito kwa sababu maswali yalieleweka.

Nasi tuna yetu. Mtu mwenye sonona anaweza kufika kliniki akasema ana mawazo, moyo mzito, kichwa kinawaka moto au mwili umekufa ganzi, asitaje huzuni hata mara moja. Jaribio likifanyika Mwanza au Mombasa, tafuta maelezo ya namna dodoso lilivyowekwa katika Kiswahili: je, lilitafsiriwa, likarudishwa katika lugha ya awali na mtu mwingine, kisha likajaribiwa kwa wagonjwa wa hapahapa? Dodoso la sonona la PHQ-9, lenye maswali tisa na alama 27, limekwisha kupimwa kwa Kiswahili. Mengine mengi yanabebwa hivyohivyo.

Uliza dawa imelinganishwa na nini

Habari ya kwamba "wagonjwa walipata nafuu" haina maana mpaka ujue waliokuwa upande wa pili walipata nini. Dawa iitwayo Cobenfy, yenye zanomelini na trospiamu ndani yake, iliidhinishwa Marekani tarehe 26 Septemba 2024 kwa ajili ya skizofrenia, na imezungumzwa sana kwa sababu inafanya kazi kupitia vipokezi vya muskarini (vipokezi ni sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali za ubongo), ilhali dawa zilizoitangulia, tangu kloropromazini ya miaka ya 1950, hufanya kazi yake kubwa kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Katika jaribio lake liitwalo EMERGENT-2, watu 252 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Baada ya wiki tano, waliomeza dawa walishuka kwa alama 21.2 za PANSS. Waliomeza plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani, walishuka kwa alama 11.6. Tofauti ni 9.6, na hiyo ndiyo kazi ya dawa, 21.2 ni kazi ya dawa pamoja na kila kitu kingine.

Sasa iweke kando yake dawa nyingine ya ukoo huohuo, emraklidini, ambayo matokeo yake yalitangazwa Novemba 2024. Katika mojawapo ya majaribio yake mawili, waliopewa miligramu 30 walishuka kwa alama 16.5. Namba hiyo ikisomwa peke yake inaonekana nzuri. Tatizo ni kwamba waliomeza plasebo walishuka kwa 13.5, na pengo lililobaki halikutosha kusema kwamba dawa ilifanya lolote. Dawa iliyotarajiwa na wengi ikakwama hapo.

Kwa nini plasebo inashusha alama kiasi hicho kwa ugonjwa mzito namna hii? Sababu ni nyingi na zinachangamana. Mgonjwa amelazwa mahali tulivu, anakula kwa wakati, kuna mtu anayemsikiliza kila wiki. Ugonjwa wenyewe hupanda na kushuka, na watu huingia kwenye majaribio wakati umepanda. Iko sababu nyingine ambayo haisemwi sana: ili mtu aingie EMERGENT-2 alipaswa kuwa na alama zisizopungua 80. Mpimaji anayejua kwamba 78 itamnyima kituo chake mshiriki anaweza, hata bila kukusudia, kuandika 81. Wiki inayofuata anaandika anachokiona, na alama "zinashuka" kabla kidonge hakijafanya kazi.

Kwa sonona pengo ni dogo zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya majaribio 232 yenye washiriki 73,388 yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, ulikuta kwamba waliopewa dawa walipungukiwa kwa wastani na alama 9.8 za mizani ya Hamilton na waliopewa plasebo alama 8.0. Usikimbilie kusema kwamba dawa hazifanyi kazi. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba wastani unaficha watu wasiofanana: takriban asilimia 15 hupata nafuu kubwa ambayo plasebo isingewapa. Lakini kumbuka zile alama sita za usingizi, kisha uitazame tena tofauti hiyo.

Pale dawa inapolinganishwa na dawa nyingine, tazama dozi ya ile nyingine. Katika majaribio ya risperidoni yaliyofanyika Marekani na Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la kulinganisha lilipewa haloperidoli miligramu 20 kwa siku, kiasi kinachotosha kumkaza mtu shingo na kumtetemesha mikono. Mshindani aliyefungwa miguu hashindwi kwa haki. Mfano wa kinyume chake ni jaribio la klozapini lililochapishwa mwaka 1988: wagonjwa 268 ambao dawa nyingi zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia walipewa klozapini au kloropromazini kwa wiki sita, na asilimia 30 ya kundi la kwanza wakaonyesha nafuu dhidi ya asilimia 4 ya kundi la pili. Pengo kama hilo, dhidi ya dawa halisi, kwa wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa, ni nadra kuliona katika fani hii.

Angalia pia kama siri ilitunzika. Ripoti itasema kwamba si mgonjwa wala mpimaji aliyejua nani amepewa nini, lakini mwili una njia zake za kusema. Katika EMERGENT-2, asilimia 14 ya waliomeza dawa walitapika, dhidi ya asilimia 1 ya wale wa plasebo. Esketamini, dawa ya sonona ya kupulizia puani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, humfanya mtu ajione kama ametoka nje ya mwili wake kwa muda. Ni vigumu mtu huyo asijue amepewa nini. Watafiti makini huwauliza washiriki mwishoni wakisie walikuwa kundi gani, na huyachapisha majibu. Ukiyakosa, weka alama ya kuuliza pembeni.

Hesabu waliofika mwisho

Skizofrenia na baipola ni maradhi ya miaka. Majaribio mengi ni ya wiki. Wiki tano zinaweza kuonyesha kwamba dawa inatuliza, na haziwezi kuonyesha kama mtu ataendelea kuimeza msimu wa mavuno ukifika. Kwa hiyo tafuta ule mchoro wenye visanduku na mishale, ambao kwa kawaida uko mwanzoni mwa matokeo, unaoeleza wangapi waliingia, wangapi waliondoka na kwa sababu gani. Binafsi ndio ninaousoma kwanza.

Jaribio la CATIE, lililofadhiliwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, lilikigeuza kipimo hicho kuwa ndicho swali lenyewe. Watu 1,493 wenye skizofrenia katika vituo 57 waligawiwa mojawapo ya dawa tano, nne za kizazi kipya na moja ya zamani, perfenazini, kisha wakafuatiliwa hadi miezi 18. Swali kuu lilikuwa rahisi: mtu ataacha dawa yake baada ya muda gani? Asilimia 74 waliacha kabla ya muda kwisha. Walioacha olanzapini walikuwa asilimia 64, perfenazini 75, risperidoni 74, ziprasidoni 79 na kwetiapini 82. Olanzapini ilidumu zaidi, lakini waliokuwa wakiimeza waliongezeka uzito kwa karibu kilo moja kila mwezi. Na ile dawa ya zamani ya bei ndogo haikuachwa mbali na ndugu zake wapya. Kwa hospitali ambayo rafu yake ina haloperidoli, kloropromazini na sindano ya mwezi, hilo ni jambo la kulisoma mara mbili.

Ukishajua wangapi waliondoka, tafuta alama zao zilihesabiwaje. Njia ya zamani ilikuwa kuichukua alama ya mwisho ya mtu kabla hajaondoka na kuiendeleza hadi mwisho, kana kwamba alisimama palepale. Mtu aliyeacha kwa sababu ya madhara akiwa na nafuu kidogo huhesabiwa kuwa na nafuu hiyo daima. Njia za sasa ni bora, ingawa nazo zinakisia.

Majaribio ya kuzuia ugonjwa usirudi yana kasoro yake. Katika mengi, watu wote hupewa dawa kwanza mpaka watulie, kisha nusu yao huondolewa dawa na kupewa plasebo. Kwa baipola hili ni tatizo, kwa sababu kuacha lithi, dawa ya siku nyingi ya baipola, ghafla kunaweza kwenyewe kuamsha mania. Kundi la plasebo likianguka haraka, hujui umeona faida ya dawa au adhabu ya kukatiwa dawa. Tazama dawa iliondolewa kwa siku ngapi, na walioanguka walianguka lini. Wakiwa wengi katika wiki za mwanzo, shuku. Jaribio la BALANCE la mwaka 2010 liliikwepa njia hiyo: watu 330 wenye baipola waligawiwa lithi, dawa nyingine iitwayo valproati, au zote mbili, bila plasebo, wakafuatiliwa hadi miezi 24. Lithi, peke yake au pamoja na valproati, iliwakinga watu kuliko valproati peke yake. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu alijua anameza nini, na ripoti yenyewe inaeleza hivyo waziwazi.

Pitia pia orodha ya waliokataliwa kuingia. Mara nyingi utawakuta wanaotumia bangi au pombe, wajawazito, na wale wanaofikiria kujiua. Ukiwaondoa hao wote kwenye benchi la kliniki yako ya Jumatano, tazama wamebaki wangapi.

Tafuta ripoti ambazo hazikuandikwa

Mwaka 2008 watafiti walizichukua tafiti 74 za dawa za sonona zilizokuwa zimesajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani na kuzilinganisha na zilizofika kwenye majarida. Mamlaka ilikuwa imeziona 38 kuwa na matokeo mazuri, na 37 kati ya hizo zilichapishwa. Zilizobaki 36 zilikuwa na matokeo mabaya au ya kutiliwa shaka: 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 zilichapishwa kwa namna iliyozifanya zionekane nzuri, na tatu tu ndizo zilizochapishwa kama zilivyokuwa. Daktari aliyesoma majarida kwa uaminifu wote aliona ushindi mtupu.

Dawa ya hilo ni sajili za majaribio, nazo ziko wazi kwa kila mtu. Chini ya muhtasari wa makala nyingi utaona namba inayoanza na herufi NCT. Hiyo ni ya sajili ya Marekani, ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ikianza na PACTR, ni ya sajili ya Afrika iliyo Cape Town. Iandike namba hiyo kwenye ukurasa wa sajili, kisha linganisha mambo matatu: tarehe ya usajili na tarehe ya mshiriki wa kwanza, kipimo kikuu kilichoahidiwa na kilichoripotiwa, na idadi ya watu waliopangwa na waliopatikana. Sajili ya Marekani hutunza pia mabadiliko yote yaliyofanywa. Kipimo kikuu kikibadilishwa baada ya watu kukwisha kupimwa, umepata ulichokuwa unakitafuta.

Maswali haya yanatumika pia pale ambapo hakuna kidonge. Nchini Tanzania, katika hospitali za Muhimbili na Mbeya, umefanyika utafiti wa awali ulioitwa KUPAA, ambamo watu wenye saikosisi, yaani hali kama ya skizofrenia ya kusikia sauti na kushikilia imani zisizo na msingi, na ndugu zao walikutana pamoja kufundishwa juu ya ugonjwa na namna ya kusaidiana. Hapa siri haiwezekani, kwa kuwa aliyekaa kwenye kikundi anajua amekaa. Kinachowezekana ni kumficha mpimaji asijue anayemhoji ametoka kundi gani, na hilo ndilo la kulitafuta kwenye ripoti za namna hii.

Ukiombwa kushiriki

Ikiwa ripoti haijaandikwa bado kwa sababu wewe au mgonjwa wako ndio mnaoombwa kuwa sehemu yake, anzeni na vibali. Tanzania Bara, utafiti wa dawa unahitaji kibali cha kimaadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa yenyewe. Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya utafiti wa afya. Kenya inahitaji kamati ya maadili iliyotambuliwa pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu. Namba za vibali hivyo zinapaswa kuwa kwenye fomu ya ridhaa mnayopewa.

Ulizeni kama dawa anayotumia sasa itasimamishwa na kwa siku ngapi, uwezekano wa kuangukia plasebo ni mmoja kwa wangapi, nani atalipia matibabu akidhurika, na kama dawa mpya ikimfaa ataipata wapi jaribio likiisha. Swali hili la mwisho huwa na majibu ya mzunguko; subirini jibu lililonyooka. Kujitoa kusimnyime nafasi yake ya kliniki ya kawaida, na hilo liwe limeandikwa.

Kuwa na saikosisi hakumwondolei mtu haki ya kuamua. Wengi wana uwezo huo siku nyingi, na njia ya kuujua ni kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe ataombwa kufanya nini na anaweza kukataa vipi. Akishindwa leo, mtafiti mwenye adabu atarudi wiki ijayo. Ndugu hasaini kwa niaba ya mtu anayeweza kusaini mwenyewe, hata kama ndugu huyo ndiye mkubwa wa nyumba.

Mwisho, ombeni namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku, muipige mara moja mkiwa bado hapohapo kituoni muone inaita wapi. Ugonjwa unapoanza kurudi, dalili ya mwanzo mara nyingi ni usingizi kukatika, na wa kwanza kuiona ni yule anayelala chumba cha pili saa nane za usiku, wakati kituo cha utafiti kimefungwa.